Mara Mbili Ubavuni mwa Namba Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametuagiza tuandike shajara. Amesema iwe na ukweli, mwandiko safi na nukta mahali pake. Nukta nimeshaweka. Ukweli unafuata.

Baba yangu ni kondakta wa basi namba tisa.

Sentensi hiyo nimeipa mstari wake peke yake kwa sababu inastahili. Namba tisa ni basi la kampuni, refu, la kijani, lenye mlango mpana nyuma. Mlangoni anasimama Baba, kofia imenyooka, beji imeng'aa. Mbele kabisa, nyuma ya ukuta wa bati, anakaa dereva. Sote tunamwita Mjomba, ingawa si ndugu. Mjomba haoni nyuma. Maneno hayasikii, injini inayameza. Anasikia kugonga tu. Baba akigonga bati mara moja: simama. Mara mbili: ondoka. Mara tatu: hatari, simama hapo hapo ulipo! Lugha hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Mjomba anaiamini kuliko macho yake. Akisikia mara mbili anaondoka hata kama dunia imesimama.

Abiria wanamwita Baba Mwalimu wa Zamu. Wanadhani hajui. Anajua. Ni kwa sababu ya sauti. Mlango si sebule, ingia ndani! Mikono ndani! Ugomvi nje! Baba hapigi kelele. Anatangaza. Mimi naona ni sauti nzuri sana. Wapo wasioona hivyo.

Basi, leo mambo yameharibika. Tukiwa tunakula, Baba akasema kwa sauti ya chini (anayo sauti ya chini, wachache wanaijua) kwamba malalamiko yamezidi ofisini. Nyuma ya basi kumeandikwa namba ya simu na maneno "Hujaridhika? Tupigie." Wengi hawapigi. Karani wa mahakama, anayepandia hospitali, anapiga kwa ajili ya wote. Amepiga mpaka dada wa ofisini anamtambua kwa kikohozi. Kwa hiyo Ijumaa mkaguzi atapanda namba tisa kuona kwa macho yake. Akikuta kondakta na abiria hawapatani, Baba anahamishiwa karakana kuosha mabasi.

Karakana! Baba avue kofia, avae buti za mpira!

Mama aliacha kula. Baba alisema kazi ni kazi. Kisha akachukua kitambaa akaanza kuing'arisha beji iliyokuwa imeshang'aa.

Nimeamua. Kabla ya Ijumaa abiria wote watampenda. Hata Karani. Siku ninazo, akili ninazo.

Jambo lingine. Binti Sukari, ninayekaa naye dawati moja, ameniuliza leo mbele ya watu kama Baba akipewa buti mpya zile kuukuu nitazivaa mimi mvua ikinyesha. Alishajua! Baba yake ni kondakta wa namba kumi na mbili, kampuni hiyo hiyo. Watu wanamwita Sukari kwa kuwa kila mwanamke kwake ni malkia na kila mwanamume ni bosi. Nilimjibu kwa adabu kwamba ni kweli baba yake anawaita watu malkia, ila baada ya hapo anawapitiliza kituo.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: asante.

Nimefikiri sana. Shida si kwamba abiria hawampendi Baba. Shida ni kwamba hawasemi. Mtu asiyesema asante mwishowe husahau kwamba ameshukuru. Kwa hiyo asubuhi, Baba akiwa bado anazungumza na Mjomba nje, nilipita kiti kwa kiti nikinong'ona. Ukishuka, sema, "Asante, kondakta." Maneno mawili. Basi.

Muuza mayai, mama mnene anayekaa kiti cha kwanza karibu na mlango, alisema hana neno, mdomo haulipiwi kodi. Fundi viatu aliuliza kama kuna zawadi. Karani alinitazama juu ya miwani akasema atalifikiria. Mlinzi, anayetoka zamu ya usiku na kushukia kiwandani, alikuwa amelala kama kawaida yake. Nilimnong'oneza hivyo hivyo.

Nilisahau kitu kimoja. Sisi ni watu wa salamu.

Kituo cha sokoni muuza mayai akasema asante, kondakta. Baba akashtuka, akajibu asante na wewe, mama. Sasa mtu akishajibiwa vizuri hivyo ataondokaje? Ikabidi aulize habari za nyumbani. Baba akasema njema. Ikabidi na yeye aulize za kwake. Mtoto amepona kifua? Amepona, ila mdogo wake ameanza. Poleni sana. Tumeshapoa. Na Mjomba mzima? Nyuma yake fundi viatu alikuwa anangoja zamu yake ya kushukuru. Nyuma ya fundi viatu kulikuwa na babu mwenye fimbo. Baba alipomwona akamwamkia shikamoo, na babu akaipokea yote, pamoja na dua, pamoja na taarifa kamili ya goti lake.

Magari yalipiga honi mpaka nikaziba masikio. Namba kumi na mbili ikatupita. Ikawachukua abiria wetu wote wa kituo cha mbele. Sukari alimpungia Baba mkono kama mtu aliye kwenye meli. Binti Sukari alinitumia busu kupitia dirishani!

Tulipofika kituo cha shule watu walikuwa bado wanashukuru. Baba akaniinamia akaniuliza, kwa ile sauti ya chini, kama kuna msiba ambao yeye hajaambiwa.

Nimesimamishwa nje ya darasa kwa kuchelewa. Karani naye alipiga simu kulalamika kwamba basi limechelewa. Alipiga akiwa ndani ya basi! Nilimsikia mwenyewe. Alisema, "Ndiyo, dada, ni mimi tena." Akakohoa ili wahakikishe.

Lakini alishukuru. Karani alishukuru! Nilimwona. Kwa hiyo mpango si mbaya. Ni mrefu tu.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili: ulimi.

Nimejiuliza, kwa nini kila mzigo nibebeshe abiria? Na Baba achangie kidogo. Asubuhi, Mama akiwa anampigia shati pasi, nilimwomba Baba ajaribu maneno ya Sukari. Malkia. Bosi. Mrembo kama ikibidi. Mama alicheka mpaka akaiweka pasi pembeni asije akaunguza kola. Baba alisema hayo ni maneno ya mtu anayeuza kitu. Nikamwambia kwamba mimi sitaki kumwona na buti za mpira. Akafunga vifungo vya shati pole pole, kimoja kimoja.

Alijaribu! Kwa ajili yangu. Nilimwona akimeza mate kabla.

Muuza mayai alikuwa amesimama mlangoni na trei zake. Baba akatangaza, kwa sauti ile ile ya siku zote, basi zima likasikia, "Malkia! Mlango si sebule!"

Vichwa vyote vikageuka.

Muuza mayai akamwuliza kama ana homa. Baba akasema hana. Basi akamwomba alirudie neno lile ampigie mumewe simu asikie, maana yeye mara ya mwisho kumwita malkia ilikuwa siku ya harusi, tena alisomewa na mshenga. Watu walicheka, wengine wakijipigapiga mapajani. Baba akamgeukia Karani, uso umemwiva, akasema, "Bosi, mikono ndani." Karani akauliza kama hicho ni kitisho, na kama ni kitisho arudie taratibu, aseme na jina lake.

Kufika sokoni Baba alikuwa amesharudi kuwa Baba. Nilipumua. Kusema kweli nilikuwa nimemkumbuka.

Jioni Mama alikuwa anatungoja mlangoni. Habari zilishamfikia, sijui kwa njia gani. Alimpokea Baba mfuko, akamwuliza kwa upole mno kama malkia wa mayai hajambo. Alimwita Bosi wakati wa kula. Alimwita Bosi wakati wa kuosha vyombo. Baba alikula akiangalia sahani yake kama imeandikwa kitu.

Imebaki siku moja. Sijakata tamaa. Mwalimu alisema mwandishi mzuri hufuta na kuandika upya.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata! Nimepata! (Mwalimu amesema tusirudie alama ya mshangao. Samahani, Mwalimu.)

Baada ya masomo nilikwenda karakana kumpelekea Baba sweta. Namba tisa hupumzika pale kabla ya safari za jioni. Nilikuta mabasi yamepangwa, maji machafu yanatiririka, na watu watatu wenye buti za mpira wanasugua magurudumu. Mmoja alinisalimia vizuri. Sikuweza kuangalia miguu yake.

Nikamwona Baba kabla hajaniona. Alikuwa anakagua chini ya viti. Akatoka na mwavuli wa mtu aliyesahau, akauning'iniza nyuma ya mlango ambapo mwenyewe atauona kesho. Mjomba alikuwa ameshuka, injini imezimwa. Halafu Baba, akidhani yuko peke yake, akalipigapiga basi ubavuni kwa kiganja. Mara mbili. Taratibu. Kama mtu anayempongeza ng'ombe baada ya kukamua.

Hapo hapo wazo likaja.

Asante bila maneno! Mkono tu! Abiria anashuka, anapiga bati kwa kiganja, anakwenda zake. Hakuna habari za nyumbani. Hakuna goti la babu. Na Mkaguzi atasikia kwa masikio yake mawili kwamba watu wanampenda Baba.

Nilipima kila kitu. Mara moja ni kidogo, mtu atadhani ni mfuko umegonga. Mara tatu ni fujo. Mara mbili ndiyo adabu yenyewe. Na ndivyo Baba anavyofanya.

Safari ya jioni, kabla Baba hajapanda, niliwaeleza wote. Niliwaambia ukweli wote pia, kuhusu Ijumaa, kuhusu karakana, kuhusu buti. Hawakuwa wanajua. Muuza mayai alishika kifua. Babu mwenye fimbo akasema huyo kijana (yaani Baba!) ndiye anayempandishia mguu huu mbovu kila siku, sasa wakimtoa nani ataupandisha? Fundi viatu akasema yeye atapiga kwa kiganja kizima ili Mkaguzi asikie. Nikamwambia asijizuie.

Karani alivua miwani akaifuta. Akaniuliza kama kweli watampeleka kuosha mabasi. Nikasema ndiyo, kwa sababu ya simu. Akafuta tena miwani iliyokuwa imeshatakata. Akasema yeye alitaka sauti ipunguzwe tu. Hakusema mtu apunguzwe.

Wameahidi wote. Nimewaambia wasimwambie Baba, iwe zawadi.

Kesho ni kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Nitaandika kama tulivyofundishwa: mwanzo, kati, mwisho.

Mwanzo. Mkaguzi ni mama mrefu mwenye suti ya kampuni na viatu visivyo na vumbi. Alipanda kituo cha kwanza, akasimama katikati ya basi, akakataa kiti. Baba alimkaribisha kwa sauti ya kawaida. Mlango si sebule, alimwambia na yeye! Karani alikohoa. Sisi wengine tulikuwa tunatabasamu kama watu wanaopigwa picha. Mlinzi alikuwa amelala.

Kati. Kituo cha sokoni Baba aligonga mara moja, Mjomba akasimama. Kama kila siku, Baba akapokea trei za mayai, akatangulia kushuka nazo ili muuza mayai ashuke mikono mitupu. Ndivyo wanavyofanya. Lakini fundi viatu, kwa hamu ya kunifurahisha, akampita muuza mayai, akaruka chini, akageuka, akainua kiganja chake kizima.

Pa! Pa!

Mjomba akaondoka.

Muuza mayai mguu wake ulikuwa bado ndani, namshukuru Mungu. Mkaguzi alimdaka kwa kitenge, wakaangukia pamoja kiti cha kwanza. Nikakimbilia dirisha la nyuma. Baba yangu amesimama barabarani na trei za mayai mikononi, mdomo wazi. Sijawahi kumwona bila neno. Fundi viatu pembeni yake, kiganja bado kiko juu.

Kisha Baba akakimbia. Nataka jambo hili liandikwe vizuri. Alikimbia na trei zote, amezishika sawasawa kama sinia la chai ya wageni, kofia haikuyumba. Sidhani kuna kondakta mwingine anayeweza. Sukari hawezi.

Muuza mayai alikuwa anapiga mayowe: "Mayai yangu! Mayai yangu yameachwa!" Abiria wakaanza kugonga bati ili Mjomba asimame. Wote. Kwa ngumi, kwa fimbo ya babu, kwa mwavuli. Pa pa! Pa pa! Mkaguzi ndiye aliyegonga kwa nguvu kuliko wote, kwa kiatu, na yeye mara mbili mbili. Na kila walivyogonga, Mjomba aliongeza mwendo. (Amenieleza baadaye. Alisikia ondoka, ondoka, ondoka, akajua leo Mkaguzi ana haraka.) Tulipita kituo cha benki. Tulipita kiwandani. Karani alipiga ile simu ya nyuma ya basi akaambiwa kama ni kuhusu namba tisa asubiri, mkaguzi yumo ndani.

Na mimi? Nilijua dawa. Mara moja! Igongwe mara moja tu! Lakini mara moja ndani ya kelele ile ingesikika vipi? Niliomba jamani mnyamaze. Niliomba vizuri, kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyenisikia.

Basi nikapanda juu ya kiti. Nikavuta pumzi. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

"Mikono ndani! Midomo ndani! Basi si sebule!"

Wakanyamaza. Wote! Mkaguzi akashusha kiatu. Babu akaketi. Nikagonga bati mara moja.

Mjomba akasimama.

Mwisho. Tulikaa pale kando ya barabara. Muuza mayai alilia kidogo kidogo. Halafu nikaiona namba kumi na mbili inakuja, inapunguza mwendo, inasimama nyuma yetu. Baba yangu akashuka na trei zake. Sukari alimshika mkono na kumwambia pole, bosi, na nilipotazama vizuri sikuona kejeli usoni mwake. Binti Sukari alikuwa amebana kofia ya Baba kifuani ili isikanyagwe na abiria. Akamrudishia kwa mikono miwili. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Nilidhani Baba atauliza nani aligonga. Hakuuliza. Kwanza alimpa muuza mayai trei zake akamwambia hakuna lililopasuka, ila moja limeogopa. Kisha akapita katikati ya basi, akampita Mkaguzi, akamgusa Mlinzi begani. Akamwambia amka, ndugu yangu, leo tumekupitiliza, rudi na namba kumi na mbili ikigeuza, mwambie Sukari nimesema mimi. Mlinzi akafumbua macho. Akashukuru, akashuka, akaenda zake. Hajui lolote mpaka sasa.

Ndipo Baba akasimama mahali pake mlangoni, akavaa kofia, akauliza nani amegonga.

Walikuwa wameapa kutunza siri. Wote wakaninyooshea vidole. Karani alitumia mikono miwili.

Nilisimama. Nilieleza kila kitu, asante, malkia, ng'ombe, yote. Sauti yangu ilikuwa imeshaondoka, imebaki ile ndogo ya darasani. Nilimwambia Mkaguzi kwamba hawa watu wanampenda Baba yangu, ila nimewafundisha vibaya namna ya kuonyesha.

Mkaguzi alikuwa bado na kiatu kimoja mkononi. Akawauliza abiria kama mtoto anasema kweli. Kila mtu akaongea kwa wakati mmoja. Muuza mayai akataka kujua, huyu akipelekwa karakana, nani atamshushia trei? Wewe? Mkaguzi akaangalia mikono ya suti yake. Karani akaomba nafasi, akakohoa, akasema angependa kufuta malalamiko yake kuhusu sauti. Alisema ameshuhudia leo kwamba bila sauti hiyo basi hili halisimami, na kwamba ina mrithi.

Ina mrithi!

Mkaguzi alivaa kiatu. Alisema majibu ni kesho.

Jumamosi, 8 Juni

Baba aliitwa ofisini asubuhi. Mama alipiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi. Mimi nilifagia uwanja, nikafagia na wa jirani.

Alirudi mchana. Alikaa. Aliomba maji. Alikunywa yote. Mama akamwambia jamani wewe baba, utatuua.

Anabaki namba tisa!

Mkaguzi ameandika kwamba kondakta na abiria wanaelewana kupita kiasi. Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Kisha Mama akamwambia Baba, Bosi wangu, na safari hii hakuwa anamtania, kwa sababu alimwongezea nyama.

Lakini ofisi imetoa sharti. Mimi nisionekane tena ndani ya namba tisa mpaka muhula uishe. Nitakwenda shule na namba kumi na mbili.

Baba alinieleza jambo hilo pole pole, kama mtu anayeshusha trei. Nilidhani amenikasirikia. Nilipomwuliza, alitazama mlangoni kwanza, akahakikisha Mama yuko jikoni. Akasema sauti yangu ya jana aliisikia akiwa ndani ya namba kumi na mbili, madirisha yamefungwa. Akasema ilikuwa sauti nzuri. Akasema sasa niipeleke mbali kidogo.

Nimeandika maneno hayo kwa wino mweusi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelitafakari lile sharti Jumapili nzima. Wengine wangeliita adhabu. Mimi nimelielewa. Kampuni imeona nilivyoinyoosha namba tisa, imenihamishia kwenye basi lenye shida zaidi.

Na shida zipo! Sukari amenikaribisha vizuri, ameniita malkia mdogo, akanipitiliza kituo cha shule. Nimesimama nje ya darasa tena. Lakini si hilo. Abiria wa namba kumi na mbili wanashuka kimya kimya kama watu wanaotoka kupima damu. Hakuna asante. Hakuna mkono. Siwalaumu. Hawajapata wa kuwafundisha.

Binti Sukari ananihifadhia kiti cha dirishani. Nimemweleza kila kitu naye ameniunga mkono. Anasema baba yake huwa analia barabarani watu wakimfanyia wema, nisishangae.

Nimeshalijua kosa la wiki iliyopita. Kosa halikuwa kugonga. Kosa lilikuwa idadi. Mara mbili ina kazi yake. Mara moja ina kazi yake. Imebaki mara tatu. Najua, mara tatu ni hatari, dereva asimame hapo hapo alipo. Lakini nimechunguza kwa makini. Wiki nzima haikutokea hatari hata moja, kwa hiyo ishara hiyo imekaa bure, haitumiwi na mtu.

Viti vya nyuma vyote vimekubali. Tunaanza kesho asubuhi, pale kwenye mteremko wa daraja, namba kumi na mbili inapokuwa na mwendo mzuri na kila mtu anajiandaa kushuka.

Nimewaambia wasijizuie.